Yoshimura, karakana ya familia iliyojifunza kutengeneza vipuri katika mashindano

Jumapili tarehe 30 mwezi wa saba mwaka 1978, uwanja wa Suzuka inchini Japani ulipokea kwa mara ya kwanza mashindano ya pikipiki ya masaa 8. Uwanja huo ulijengwa na Honda na kufunguliwa mwaka 1962, kwa hiyo Honda ilikuwa pale kama mwenye nyumba anayengoja wageni. Ilileta RCB, mashine za kiwandani zilizokuwa zikitawala mashindano ya masaa mengi huko Ulaya tangu mwaka 1976. Jioni ilipofika, RCB zilikuwa zimekwisha kutoka mashindanoni. Pikipiki iliyopita ya kwanza mbele ya bendera ilikuwa Suzuki GS1000. Iliendeshwa na Waamerika wawili, Wes Cooley na Mike Baldwin, na iliandaliwa na karakana ya familia moja ambayo mkubwa wake alikuwa ameunguzwa mikono na moto mwaka mmoja tu kabla.

Mzee huyo aliitwa Hideo Yoshimura. Watu wa pikipiki duniani kote wanamjua kwa jina la «Pop», maana yake baba. Jina lake limeandikwa leo kwenye mabomba ya kutolea moshi, yale ambayo mafundi wa garaji wanayaita eshapema, kuanzia Tokyo hadi California. Wengi wanaoliona jina hilo wanafikiri ni la kampuni kubwa iliyozaliwa na pesa nyingi. Lakini kilichozaa kampuni hiyo ni kazi ya mikono, na kila kipuri ilichouza kilianza kwanza kuvunjika ama kushinda mbele ya watu.

Kutoka ndege hadi pikipiki

Hideo Yoshimura alizaliwa mwaka 1922 huko Fukuoka, kusini mwa Japani. Akiwa bado kijana mdogo alijiunga na shule ya marubani wa jeshi la majini. Ndoto yake ya kurusha ndege ilikatishwa na ajali ya parashuti wakati wa mafunzo. Hakurudi nyumbani kukaa bure. Aligeukia kazi ya fundi anayesafiri ndani ya ndege na kuangalia injini zikiwa angani, na ndiyo kazi aliyoifanya wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia.

Jambo hili si dogo kwa kuelewa yaliyofuata. Injini ikizimika barabarani, dereva anasukuma pikipiki hadi kwa fundi. Ikizimika juu ya bahari, hakuna garaji. Mtu aliyefundishwa katika hali hiyo anazoea kusikiliza injini kabla haijalalamika, na kupima kila kitu mara mbili.

Vita ilipokwisha, Japani ilikuwa imeshindwa na kambi za jeshi la Marekani zilikuwa zimejaa inchini. Moja kati ya kambi hizo ilikuwa Itazuke, huko Fukuoka kwenyewe. Wanajeshi vijana walikuwa na mishahara, walikuwa na pikipiki, na siku za mapumziko walishindana mbio fupi za mstari mnyoofu. Yoshimura, aliyefungua karakana yake mwaka 1954, alianza kuwatengenezea mashine zao. Aliyepeleka pikipiki kwake alirudi na kushinda. Aliyeshindwa alikwenda kuuliza aliyeshinda ameitengeneza wapi. Ndio wanajeshi hao waliompa jina la Pop.

Hapo ndipo tabia ya nyumba hii ilipoanzia. Mteja wa karakana ya kawaida anarudi baada ya mwezi na kusema pikipiki inakwenda vizuri ama vibaya. Mteja wa mbio za kambini alikuwa anapata jibu siku ileile, na fundi naye alilipata, kwa kuwa mashine mbili zilipangwa mstari mmoja na moja ikaachwa nyuma. Yoshimura alirekebisha, akapeleka tena, akarekebisha tena. Mwaka 1964, katika mashindano ya masaa 18 ya Suzuka, pikipiki ya Honda CB77 iliyotoka mikononi mwake ilishinda. Mwaka uliofuata alihamia Fussa, jirani na Tokyo, karibu na kambi nyingine ya Waamerika, ile ya Yokota. Alitengeneza pia magari madogo ya Honda, S600 na S800, lakini pikipiki haikumtoka moyoni.

Chuma kilichopigwa tupa kwa mkono

Kabla ya mabomba, sifa ya Yoshimura ilitokana na kamshafti. Huu ni mhimili wa chuma unaozunguka juu ya injini, wenye vichwa vya umbo la yai vinavyosukuma valvu, ama supapu, ili hewa na esanse viingie na moshi utoke. Umbo la yai lile ndilo linaloamua valvu ifunguke kiasi gani na kwa muda gani. Likiwa fupi, injini inakuwa tulivu na yenye nguvu chini. Likiwa refu, injini inapumua sana kwenye mizunguko mingi lakini inakuwa dhaifu kwenye mwendo wa polepole, na valvu zinaweza kushindwa kurudi kwa wakati na kugonga pistoni.

Kati ya hali hizo mbili kuna nafasi ndogo ambayo hesabu peke yake haikutosha kuionyesha wakati ule, kabla ya kompyuta kuingia karakanani. Yoshimura alikuwa akichonga vichwa vile kwa mkono, kidogo kidogo, akipima na kufunga tena injini. Wajapani walimpa sifa ya «mkono wa Mungu». Sifa hiyo inapendeza kuisimulia, lakini inaficha upande mwingine: mkono ule ulikuwa unajua mahali pa kupunguza chuma kwa sababu injini nyingi zilikwisha kuharibika mbele yake.

Mwaka 1969 Honda ilitoa CB750, pikipiki ya silinda nne ambayo raia wa kawaida angeweza kuinunua dukani. Ilikuwa na mabomba manne ya moshi, mawili kila upande, yaking'aa. Wateja waliyapenda sana. Kwa mashindano yalikuwa mzigo: mazito, na yalikwaruza lami pikipiki ilipolala kwenye kona.

Yoshimura alichukua mabomba manne, akayakunja kwa mkono na kuyaunganisha yawe moja. Bomba hilo la nne-katika-moja lilionekana mwaka 1971 huko Ontario, California, kwenye CB750 ya mashindano, na linatajwa kuwa la kwanza la namna yake kwenye pikipiki ya mbio. Leo karibu kila pikipiki ya silinda nne inatumia wazo hilo, hata zile za dukani.

Faida ya kwanza, uzito, inaonekana kwa macho. Faida ya pili haionekani. Injini ya silinda nne haitoi moshi wote kwa mara moja. Silinda zinachoma kwa zamu. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, gesi ya moto inatoka kwa kishindo, na kishindo kile kinakimbia ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka, sehemu yake inarudi nyuma, lakini sasa imegeuka: badala ya kusukuma, inavuta. Mvuto ule ukifika kwenye valvu wakati ingali wazi, unanyonya mabaki ya moshi na kusaidia hewa mpya kuingia. Mabomba manne yakikutana mahali pamoja kwa urefu unaofaa, silinda inayotoa moshi inaisaidia ile inayofuata zamu.

Neno muhimu hapo ni urefu. Bomba fupi linasaidia kwenye mizunguko mingi, refu linasaidia kwenye mizunguko michache. Sentimeta chache zinaweza kuhamisha nguvu ya injini kutoka mahali dereva anapoihitaji hadi mahali asipoihitaji kabisa. Ndiyo maana bomba la mashindano linakatwa, linajaribiwa, linakatwa tena. Fundi anayenakili umbo la nje peke yake amenakili rangi ya gari na kuacha injini.

Marekani: jina kubwa, mfuko mtupu

Soko la vipuri vya namna hii lilikuwa Marekani kuliko Japani. Mwaka 1973 Kawasaki ilipeleka pikipiki yake mpya Z1 huko Daytona, Florida, kutafuta rekodi za mwendo. Kati ya mashine hizo kulikuwa na moja iliyotengenezwa na Yoshimura, na Mkanada Yvon Duhamel alizunguka nayo uwanja kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 255 kwa saa. Kwa pikipiki iliyotokana na ile ya dukani, yenye matairi ya wakati ule, hilo lilikuwa jambo la kuogopesha.

Pop alivuka bahari kufungua biashara California. Aliingia katika ubia, na ubia huo ukavunjika. Aliyekuwa hodari wa kusoma injini hakuwa hodari wa kusoma mikataba, na alijikuta amepoteza kampuni iliyobeba jina lake mwenyewe. Alianza upya, pamoja na mtoto wake Fujio, chini ya jina la Yoshimura R&D of America.

Kiisha, mwaka 1977, moto uliteketeza karakana yao California. Mzee aliungua vibaya mikononi. Kwa mtu aliyeishi kwa kuchonga chuma kwa vidole, ni vigumu kufikiri hasara kubwa kuliko hiyo. Fujio na vijana wa karakana walilazimika kusukuma kazi mbele.

Ni katika kipindi hicho cha taabu ambapo Suzuki iliingia. Suzuki ilikuwa imejulikana kwa injini za mipigo miwili, zile zinazochanganya oili na esanse. Mwishoni mwa mwaka 1976 ilitoa GS750, pikipiki yake ya kwanza kubwa ya silinda nne ya mipigo minne ya kizazi hiki kipya. Mhandisi wa Suzuki, Etsuo Yokouchi, aliona kwamba mashine hiyo ilihitaji sifa ya mashindano, na kwamba mtu wa kuipatia sifa hiyo hakuwa ndani ya kiwanda. Alimwendea Pop.

Pande zote mbili zilihitajiana, na labda hiyo ndiyo sababu mapatano hayo yamedumu kuliko ubia wa pesa. Yoshimura ilikuwa na ujuzi bila kiwanda. Suzuki ilikuwa na kiwanda bila ujuzi huo. Injini ya GS ilikuwa imara sana, na fundi aliweza kuongeza ukubwa wa silinda pasipo kuivunja. Mwezi wa tisa mwaka 1977, huko Laguna Seca, Steve McLaughlin alishinda mashindano ya Superbike juu ya GS750 ya Yoshimura. Mwezi wa tatu mwaka 1978 McLaughlin alishinda tena, safari hii Daytona. Miezi minne baadaye ikawa Suzuka.

Superbike, kwa asiyejua, ni mashindano ya pikipiki zinazotokana na zile zinazouzwa kwa raia. Fundi anaruhusiwa kubadilisha mambo ndani ya mipaka, lakini haruhusiwi kuja na mashine ambayo haipo dukani. Kwa mtengenezaji wa vipuri hakuna tangazo bora kuliko hilo. Mwenye GS1000 nyumbani alimwona Cooley akishinda na pikipiki inayofanana na yake, kisha akaandika barua kuagiza kamshafti, pistoni, springi za valvu na bomba la moshi. Cooley alichukua taji la Superbike la Marekani mwaka 1979 na 1980. Mwaka huo wa 1980 alishinda tena masaa 8 ya Suzuka, akiwa na Graeme Crosby wa New Zealand, huku Kawasaki ya Gregg Hansford na Eddie Lawson ikishika nafasi ya pili.

Kinachovunjika ndicho kinachofundisha

Kwa nini kampuni ipoteze pesa nyingi katika mashindano wakati ingeweza kupima vipuri vyake ndani ya karakana, kwenye mashine ya kupimia nguvu? Swali hili liliulizwa katika kampuni nyingi, na baadhi ziliacha mashindano kwa sababu hiyo.

Mashine ya kupimia inaonyesha nguvu. Haionyeshi uchovu. Katika masaa 8 ya Suzuka, kwenye joto kali la mwezi wa saba ama wa nane, injini inafanya kazi ambayo pikipiki ya raia haifanyi kwa mwaka mzima. Bomba la moshi linapata joto hadi chuma kinabadilika rangi, linapoa pikipiki inaposimama kubadilisha matairi, linapata joto tena. Linatikiswa bila kukoma. Mahali paliposhonwa kwa moto vibaya patapasuka, na patapasuka saa ya sita, si dakika ya kumi. Dereva akianguka, bomba ni kati ya vitu vya kwanza kugusa lami. Likibanwa na kuziba, mashindano yamekwisha. Kwa hiyo fundi anajifunza wapi pa kuweka springi badala ya kukaza kwa skrubu, wapi chuma kiwe kinene, na jinsi ya kufanya bomba lifunguliwe haraka.

Na mashindano yanafundisha jambo jingine ambalo watu wa nguvu hawapendi kulisikia: nguvu ya juu kabisa si kila kitu. Bomba la nne-katika-moja la kwanza lilikuwa zuri sana injini ikiwa inapiga kelele, lakini lilikuwa na udhaifu kwenye mizunguko ya kati, pale dereva anapotoka kwenye kona. Kwenye mstari mnyoofu anashinda, kwenye kona anapoteza alichoshinda. Katika miaka ya 1980 Yoshimura ilileta jibu lake, bomba lililoitwa Duplex Cyclone, lenye chumba kidogo kinachounganisha mabomba karibu na injini ili mawimbi yasaidiane mapema zaidi. Kilikuwa kitu cha kuchekesha kwa macho, kama kopo lililosahauliwa katikati ya mabomba, lakini dereva alikisikia mkononi. Na aliyefaidika zaidi hakuwa bingwa wa mbio. Ni raia anayekwenda kazini, ambaye karibu maisha yake yote anaendesha kwenye mizunguko ya kati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kabureta pia. Pamoja na Mikuni, Yoshimura ilitengeneza kabureta za TMR-MJN, ambamo esanse inatoka kupitia matundu mengi madogo badala ya tundu moja, ili isambae vizuri zaidi katika hewa. Zilikusudiwa kumpa dereva wa mbio jibu la haraka anapofungua mkono. Wapenzi wa pikipiki za zamani wanazitafuta hadi leo kwa sababu nyingine: injini inakwenda kwa ulaini.

Chuma chenyewe kilibadilika. Bomba la zamani lilikuwa la chuma cha kawaida. Leo la mashindano ni la titani, ambayo uzito wake ni kama nusu na kitu kidogo ya ule wa chuma cha pua. Lakini titani ina kiburi. Ikipata joto kali na kugusana na hewa inakuwa dhaifu na kukatika, kwa hiyo anayeishona lazima aifunike kwa gesi ya arugoni ndani na nje. Zile rangi za buluu na zambarau ambazo vijana wanazipenda kwenye mabomba ni alama ya joto juu ya ngozi ya titani. Kuna wanaozipaka rangi hizo kwenye bati.

Jambo hilo linafikia hata barabara za mashariki mwa Congo. Kwenye intaneti na katika maduka ya vipuri vya bei ndogo, mabomba yenye jina la Yoshimura ni mengi kuliko yale ambayo Yoshimura ingeweza kutengeneza. Mengi ni bandia. Mwenye TVS ama Boxer ya silinda moja anayelifunga bomba la namna hiyo Goma ama Butembo ananunua kelele zaidi kuliko nguvu. Silinda moja haina jirani wa kuisaidia kwa mvuto, na bomba lililofunguliwa wazi pasipo kubadilisha jeti ya kabureta linafanya hewa izidi esanse. Injini inachemka, buji inakuwa nyeupe, na valvu ya kutolea moshi inaanza kuungua. Mwendesha pikipiki anayebeba abiria wawili na mzigo juu ya kilima anahitaji nguvu ya chini, ile ambayo bomba la wazi linaipunguza. Fundi wa mashindano angemwambia vilevile.

Familia, na wanafunzi waliotoka ndani yake

Ujuzi wa Pop haukubaki kwake peke yake. Mamoru Moriwaki, aliyefanya kazi karakanani na kumwoa binti yake, alifungua kampuni yake mwenyewe huko Suzuka mwaka 1973. Moriwaki aliwapa nafasi madereva wa Australia na New Zealand ambao hakuna aliyewajua, kati yao Crosby na Wayne Gardner, yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia wa 500cc mwaka 1987. Baba mkwe na mkwe walishindana uwanjani, jambo ambalo katika familia nyingi lingeharibu chakula cha sikukuu.

Upande wa Suzuki, Yokouchi aliongoza kazi ya GSX-R750, iliyotoka mwaka 1985 ikiwa nyepesi kuliko yoyote ya kundi lake. Ilikuwa karibu pikipiki ya mashindano yenye taa. Yoshimura ilimpa nafasi Kevin Schwantz, kijana wa Texas, aliyeshinda Daytona 200 mwaka 1988 na baadaye kuwa bingwa wa dunia mwaka 1993. Huko Marekani Mat Mladin wa Australia alikusanya mataji saba ya Superbike kati ya 1999 na 2009, na Ben Spies matatu mfululizo, 2006, 2007 na 2008, wote wawili juu ya Suzuki za Yoshimura.

Pop hakuyaona hayo yote. Alifariki mwezi wa tatu mwaka 1995. Suzuka, mahali pa ushindi wake mkubwa, ilikuwa imeifungia mlango nyumba yake tangu 1980. Honda ilikuwa imejipanga, kitengo chake cha mashindano kikawa HRC mwaka 1982, na kuanzia 1997 hadi 2006 ilishinda masaa 8 mwaka baada ya mwaka. Karakana ya familia haiwezi kupambana na bajeti ya namna hiyo kwa kununua. Inaweza tu kungoja na kutokosea. Mwaka 2007 Yukio Kagayama na Kosuke Akiyoshi waliirudisha Yoshimura juu kabisa, miaka 27 baada ya Cooley na Crosby. Mwaka 2009 ikashinda tena. Ushindi wa nne huo ndio wa mwisho hadi sasa uwanjani Suzuka.

Mwaka 2021 familia iliingia kwenye mzigo mkubwa zaidi. Iliungana na SERT, timu ya Ufaransa yenye makao Le Mans iliyokwisha kukusanya mataji mengi ya dunia ya masaa mengi kwa Suzuki. Mjukuu wa Pop, Yohei Kato, akawa kati ya viongozi wa timu hiyo mpya, Yoshimura SERT Motul. Mwaka huohuo walishinda masaa 24 ya Le Mans na Bol d'Or, na taji la dunia, wakiwa na Gregg Black na Mbelgiji Xavier Siméon kati ya madereva wao.

Mwaka uliofuata Suzuki ilitangaza kwamba inatoka katika mashindano ya dunia kama kiwanda. Kwa timu iliyojengwa juu ya GSX-R1000, hiyo ilikuwa kama mwenye shamba kuambia mkulima kwamba mbegu zimekwisha. Timu nyingi zingebadilisha pikipiki. Yoshimura ilibaki na mashine ileile, ambayo muundo wake ulitoka mwaka 2017, ikaendelea kuichonga sehemu kwa sehemu huku wapinzani wakileta mifano mipya. Mwaka 2024 ilimaliza ya tatu huko Suzuka, nyuma ya Honda ya kiwandani na Yamaha ya timu ya YART. Msimu ulipofungwa mwezi wa tisa kwenye Bol d'Or, kusini mwa Ufaransa, taji la dunia lilikuwa lao kwa mara ya pili.